Mashimo Mia Tatu ya Chikanda

"Mimi msituni sipotei," alisema Sajenti Aliko pale getini, saa tatu asubuhi ya Jumatano, huku akikaza mkanda. "Nifunge kitambaa machoni, nizungushe mara saba, niache katikati ya pori. Nitatoka mwenyewe, na chai nitaikuta bado ya moto."

Mama Nesta Mbonile, mwenye bustani, alimtazama viatu. Vilikuwa vimepigwa rangi mpaka kinyozi angeweza kuvitumia badala ya kioo. Akamwonyesha kwa fimbo njia ya mawe iliyopanda kuelekea juu, akasema goti lake halimruhusu kumsindikiza.

Saa nne kasoro robo, Aliko alikuwa amesimama mbele ya mti mmoja wa msuku kwa mara ya tatu. Alijua ni uleule kwa sababu ulikuwa umepigiliwa kibati kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: MSUKU 14. Mara ya kwanza aliusifu. Mara ya pili aliutilia shaka. Sasa walitazamana tu, kama watu waliokopeshana kitu.

"Afande, unatafuta nini hapo?"

Alikuwa Erica, binti kutoka Mlowo aliyeajiriwa kutunza vitalu vya miche, ameshika ndoo ya samadi.

"Ninauchunguza mti huu."

"Mara zote tatu? Nilikuwa kule chini nakuona unavyozunguka. Nikasema labda ndiyo mbinu."

"Ndiyo mbinu."

"Haya. Lakini ukiendelea na mbinu hiyo utatokea chooni. Kwenda juu ni huku."

Aliko akamfuata. Erica aligeuka nusu. "Sasa Jumamosi ulipandaje, afande?"

"Jumamosi nilipitia njia ya nyuma," Aliko alijibu upesi. "Hebu nieleze bustani hii ilianzaje."

Na ilikuwa na haki ya kuelezwa. Miaka tisa iliyopita, mlima huu wa Ileje ulikuwa mawe, miiba na visiki vya wachoma mkaa. Mama Nesta alipostaafu shughuli zake za kutoa mizigo mpakani Tunduma, wenzake walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alinunua ekari kumi na mbili za korongo. Watu wakacheka: mama wa Kinamwanga amekuja kununua mawe, kwao yameisha? Lakini mama akayatumia hayohayo mawe. Alipanga kingo za matuta, akajenga ngazi, akayaelekeza maji ya chemchemi kwa mabomba ya mianzi kutoka bwawa hadi bwawa. Mashimo ya zamani ya tanuri za mkaa, ambayo kila mtu aliyaona makovu, aliyajaza mbolea akapanda maua, kwa kuwa udongo wake ulikuwa mweusi na mwepesi. Miombo ikachipua kwenye visiki. Ndege wakarudi, na baada ya ndege, paa. Hata Aliko, ambaye kwa kawaida huuangalia mti kama mahali pa kuegesha pikipiki, alisimama alipomwona kulukulu akifungua mabawa mekundu juu ya bwawa la tatu.

"Huyo anakuja kila siku?"

"Wako kumi na mmoja. Mzee Jairo anawajua mmojammoja. Ana majina yao."

Mzee Jairo ndiye aliyekuwa na pingu kule getini. Zamani alikuwa mchoma mkaa wa mlima huuhuu. Mama alipomkuta na shoka akamwajiri awe mlinzi, naye akaacha shoka. Mkewe amefariki, watoto wako mbali, chumba chake ni hicho cha getini. Gari la polisi lilikuwa linatoka wilayani saa tisa alasiri kumchukua. Kama Aliko hangepata mwizi mwingine wa maua kabla ya hapo, mzee angepanda gari, na mama alishasema hata akirudi hatamfungulia.

Walifika juu. Kulikuwa na uwanda wa nyasi, unyevunyevu, umezungukwa na miti. Huo ndio uliokuwa moyo wa bustani: uwanda wa chikanda. Chikanda ni ua la porini lenye viazi viwili vidogo chini ya shina. Ng'ambo ya Tunduma Wazambia huvisaga na karanga, wakapika kitu kizito kama soseji, na kwa sababu wanakipenda sana, milima mingi ya upande huu imebaki haina ua hata moja. Uwanda huu ulikuwa umebaki. Sasa ulikuwa mashimo matupu.

"Mia tatu na kumi," alisema Erica. "Nimeyahesabu jana nikilia."

Aliko akachuchumaa. Hapa alijua kazi. Alitumbukiza kidole, akapima upana, akachungulia pembe.

"Siyo nguruwe. Nguruwe angelima uwanja mzima kama trekta. Hii ni chuma. Jembe jembamba, upana wa vidole vitatu. Aliyechimba alijua kiazi kiko wapi, hakubahatisha hata mara moja." Akaomba kijembe cha Erica, akachimba shimo moja pembeni huku akitazama saa. "Dakika mbili. Zidisha mara mia tatu na kumi."

Erica alihesabu kwa midomo. "Kama masaa kumi."

"Mtu mmoja kutwa nzima, bila kunywa maji. Au watatu kwa asubuhi moja."

"Basi wakati gani?"

Aliko alijifuta kidole kwenye suruali, akaanza kushuka.

Hesabu ya siku ilikuwa imeshaandikwa, tena kwa mwandiko wake. Alhamisi jioni maua yalikuwepo. Ijumaa, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, Mama Nesta na Jairo walikuwa Mlowo kuchukua miche, na siku hiyo Erica akiwa vitaluni alidhani amesikia sauti za watu juu. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi mama alipiga simu polisi. Aliko akatumwa. Saa saba mchana alifika getini akitokea njia ya nyuma, akamsomea mama kutoka kwenye daftari: amekagua uwanda, maua yote yapo. Mama akamshukuru, saa nane akaondoka kwenda ubatizo wa mjukuu Tunduma. Alirudi Jumanne jioni, Erica naye karudi kutoka likizo, na maua hayapo. Geti lilikuwa na mtu mmoja na ufunguo mmoja.

Kesi nzima, kama meza ya miguu mitatu, ilisimama juu ya daftari la Aliko.

Jairo alikuwa amekaa kwenye benchi la getini, mikono mapajani. Mama Nesta alikuwa kwenye kiti mbele yake, hamtazami.

"Shikamoo, mzee," alisema Aliko.

"Marahaba, mwanangu. Hizi zinabana kidogo."

"Tutalegeza. Tangu Jumamosi mchana mpaka jana, ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Usiku?"

"Getini."

"Chakula ulipika wapi?"

"Getini."

"Mzee wangu, hata geti lenyewe huwa linafunguka." Aliko akachuchumaa tena, safari hii mbele ya suruali ya mzee. Kwenye pindo kulikuwa na udongo uliokauka. Mwekundu. Akabana kidogo kwa kucha, akauweka kwenye kiganja karibu na udongo wa njiani, uliokuwa mweusi kama masizi. "Bustani hii haina udongo wa rangi hii. Nimeizunguka."

"Mara tatu," alinong'ona Erica.

"Ulitoka, mzee."

Jairo alitazama chini. Mama Nesta ndiye aliyeongea.

"Miaka tisa, Jairo. Nimekukuta na shoka, nikakupa ufunguo. Ungesema njaa, ningekupa. Ungesema ada, ningekupa. Umeniuzia maua yangu?"

"Sijauza ua, mama."

"Ulikwenda wapi?"

Mzee akageuza uso kuelekea mlimani. Saa ya Aliko ilionyesha saa sita na nusu. Alikuwa anajua, kwa namna ambayo hakutaka kuieleza, kwamba mzee huyu hakuiba kitu. Akamvuta Erica pembeni.

"Jumamosi, mama alipoondoka, nyinyi mlifanya nini?"

"Mimi na mzee tulijenga ukuta wa bwawa mpaka saa kumi na moja. Mawe yalimbana kidole, akatukana kwa Kindali. Halafu mimi nikaondoka kwenda kwetu." Akasita. "Ila nilipokuwa natoka, nilimwona Shadrack bodaboda anapakia kiroba hapa. Kizito. Mzee alimsaidia kukifunga."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unauliza miti."

Aliko aling'aa kuliko viatu vyake. Kiroba kizito, bodaboda, jioni! Akapiga simu. Baada ya dakika ishirini Shadrack alifika, kijana wa kofia ya sufu, akiendesha taratibu kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

"Jumamosi jioni ulibeba kiroba kutoka hapa."

"Nilibeba."

"Kilikuwa na viazi vya chikanda."

"Chikanda?" Shadrack alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Afande, ningebeba chikanda ningekuwa na pikipiki yenye breki. Yalikuwa majembe."

"Majembe?"

"Saba. Na sururu. Na kile kijembe chembamba cha bustani. Mzee Jairo, si useme?"

Mzee Jairo alifunika uso kwa mikono yenye pingu. Ikabidi Shadrack aeleze mwenyewe, akiwatazama Mama Nesta na Erica kwa mshangao, kama anayeeleza watu wazima jinsi ya kula.

"Jumamosi saa kumi alifariki Mzee Moses, shemeji yake huyu. Sasa kwetu huku, mtu akifa, ardhi hailimwi mpaka yeye aingie kwanza. Kila nyumba inapeleka majembe yake msibani, yanarundikwa uani. Yote. Ukibaki na jembe nyumbani wakati maiti haijazikwa, watu watauliza unamchimbia nani mwingine. Yanatoka siku ya kaburi, na kaburi lilikuwa jana asubuhi."

"Miaka tisa naishi hapa," alisema Mama Nesta polepole, "sijawahi kusikia."

"Utasikiaje, mama, na umejizungushia uzio?"

"Majembe yalikuwa yako, mama," alisema Jairo. "Hukuwepo kuniruhusu. Nikayapeleka. Na geti nikaliacha na kufuli, nikalala msibani siku tatu, nikawa nakuja asubuhi kumwagilia miche ya huku chini na kurudi. Nikasema nikikuambia, utanifukuza. Nikaona bora niseme getini."

Udongo mwekundu ukawa umepata kwao: kaburini.

Aliko akapiga makofi. "Basi imekwisha! Kuanzia Jumamosi jioni hakukuwa na jembe mlima huu. Aliyechimba ni mgeni, amekuja na jembe lake Jumapili au Jumatatu, geti likiwa halina mtu, akapanda kwa njia ya nyuma. Mzee ana kosa la kutoka tu. Mama, tunaweza kumfungua."

Lilikuwa jibu zuri. Lilimwokoa mzee, na daftari la Jumamosi halikuguswa hata ukurasa.

"Nitaamini nikisikia kwa mwenye msiba," alisema Mama Nesta, akashika fimbo. "Majembe yangu saba. Nataka mtu aniambie aliyaona."

"Bibi ndiye aliyeyahesabu," alisema Shadrack. "Ni hapo nyuma tu, tunapinda kona."

"Nyuma wapi?" aliuliza Aliko.

"Hapo njia ya nyuma inapoanzia. Kwa Bibi Sekela, ndiko kwenye msiba."

Miguu ya Aliko ikakumbuka kazi nyingine. "Goti la mama litaumia. Mimi naweza kwenda peke yangu, au tuseme kesho..."

"Goti langu leo linataka kutembea," alisema Mama Nesta.

Wakaenda: mama na fimbo, Jairo na pingu, Erica na ndoo aliyosahau kuiacha, Shadrack akisukuma pikipiki, Aliko nyuma kabisa, ambako afande hakai. Uani kwa Bibi Sekela bado kulikuwa na watu wa matanga, maturubai na moshi wa maharage. Upande wa barabarani kulikuwa na kibanda chake cha chai. Katikati ya ua, kutoka kibandani mpaka kwenye miti, kilipita kijia kimoja chembamba kinachopanda mlimani.

Walipokwisha kusalimia na kutoa pole, Mama Nesta aliuliza habari za majembe. Bibi Sekela alikuwa mwembamba, amejifunga khanga mbili, na ana macho ya mtu anayejua sufuria ya nani imetobolewa na nani.

"Saba, na sururu, na kijembe. Yalikuja Jumamosi saa kumi na mbili. Nimeyakabidhi jana baada ya kaburi. Yalikaa pale, nimelala nayo kama bwana harusi."

"Kwa hiyo ni mgeni," alidakia Aliko, akisimama nyuma ya Shadrack. "Jumapili au Jumatatu. Alipita njia ya nyuma."

"Nani anaongea huko?" Bibi alinyoosha shingo. "Apite wapi huyo mgeni? Njia ya nyuma ndiyo hii. Watu mia mbili tumelala juu yake usiku tatu. Panya alipita Jumapili, tukamjua ni wa nani."

Mama Nesta aliegemea fimbo.

"Basi nyuma hakupita mtu. Mbele kulikuwa na kufuli langu, na ufunguo alikuwa nao Jairo." Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ulimfungulia nani, Jairo?"

"Hakuna, mama. Naapa kwa marehemu."

"Maua hayakujichimba."

Kutoka barabarani kulisikika gari likibadilisha gia kwenye mlima. Lilikuwa limewahi, saa nane haijafika. Jairo alilisikia pia. Akaanza kuvua saa yake ya mkononi kwa shida ya pingu, akampa Erica. "Kulukulu mdogo ana bawa bovu," alisema. "Usimsahau na papai."

"Nyinyi mbona mnahesabu siku za msiba tu?" aliuliza Bibi Sekela. "Ijumaa je?"

"Ijumaa haiwezekani, bibi," alisema Mama Nesta. "Ijumaa Jairo nilikuwa naye mimi mwenyewe Mlowo, kutwa. Ingekuwa Ijumaa ningemwomba radhi kwa magoti, hata hili bovu. Lakini Jumamosi mchana afande alipanda akayakuta maua yote."

"Afande yupi?"

"Huyu."

Shadrack, kwa adabu, akasogea pembeni. Aliko akabaki wazi, kama mti uliokatiwa majani.

Bibi Sekela alimtazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, cheko la pembeni ya mdomo, la msibani.

"Huyu? Jumamosi huyu hakupanda popote, mwanangu. Kijia kilikuwa na tope la mvua ya Ijumaa usiku, akakitazama, akavitazama viatu vyake, akaja kukaa kibandani kwangu. Alikula kande bakuli mbili. Akaniuliza, 'Bibi, huko juu maua yakoje?' Nikamwambia yako mengi, ya zambarau yenye koo la njano, nimeyaona Alhamisi nikiokota kuni. Akatoa daftari, akaandika."

"Bibi, labda unanichanganya na..."

"Nilikwambia na la pili. Nilikwambia Ijumaa asubuhi walipita vijana watatu siwajui, wana viroba na vijembe, wanasema wanatafuta uyoga, wakashuka jioni viroba vimejaa. Nikakwambia uyoga gani unachimbwa kwa jembe? Hilo hukuliandika. Ulikuwa unalamba kijiko."

Erica aliweka ndoo chini. Mama Nesta alinyoosha mkono, kiganja juu, na Aliko akajikuta ameutoa mfukoni ufunguo wa pingu na kumpa, ingawa mama alikuwa anataka daftari. Akampa na daftari.

Mama alisoma ukurasa wa Jumamosi. Alisoma mara moja tu. Kisha, taratibu, akishikilia fimbo kwa mikono miwili, akaanza kupiga goti mbele ya Mzee Jairo, na mzee akamwahi kabla halijagusa chini, akamshika viwiko kwa mikono yenye pingu.

"Basi, mama. Basi. Utaumia."

Gari lilisimama nje ya kibanda. Mlango ukafunguliwa, sauti ya mkubwa wa Aliko ikaita: "Sajenti! Mtuhumiwa yuko wapi?"

Bibi Sekela alivuta kigoda, akakipangusa kwa khanga, akakiweka mbele ya Aliko. Akachukua daftari kutoka mkononi mwa Mama Nesta, akalifungua ukurasa mweupe, akamwekea magotini.

"Kaa, mjukuu wangu. Anza na Jumamosi," alisema. "Na safari hii usiache neno, maana mimi nakutajia, na yule mzee wako mwenye nyota anasikiliza."